Mgongo, blidi na mikunjo: mpiga chapa anakuuliza nini?

SWALI: Nimeandika riwaya ya kurasa 187, ukubwa wa A5, na ninaitoa kwa gharama zangu. Nilipeleka PDF kiwandani ikarudishwa na maelezo haya: "Kurasa haziingii kwenye mikunjo, mgongo haujapimwa, jalada halina blidi, maandishi yako kwenye RGB." Sikuelewa hata moja. Tena, nikichapa mara ya pili nitahitaji ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) nyingine?

JIBU: Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Kurasa nyingi hupangwa kwenye karatasi kubwa, karatasi ikakunjwa, mikunjo ikapangwa na kugundishwa mgongoni, ndipo kisu kikakata kingo tatu zilizobaki. Karibu kila ulichoambiwa kinatokana na kazi hiyo.

Karatasi ikikunjwa mara moja hutoa kurasa 4, mara mbili 8, mara tatu 16. Mashine za ofseti, zile za kuchapa nakala nyingi, hutumia sana mkunjo wa 16, na 187 haigawanyiki kwa 16. Nenda 192, yaani mikunjo 12. Kama hesabu yako ilikuwa ya hadithi tupu, nafasi 5 zilizoongezeka zitachukua ukurasa wa jina, hakimiliki, tabaruku na maelezo ya mwandishi. Ukiziongeza mbele, kagua upya orodha ya yaliyomo, maana namba zote zitasogea. Ukichapa nakala chache kwa mashine ya dijitali, sharti la 16 huenda lisiwepo, uliza kwanza.

Mgongo ndipo wengi wanapokosea, kwa kuchanganya kurasa na karatasi. Karatasi moja ya kitabu kilichokwisha kukatwa ina kurasa mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo kurasa 192 ni karatasi 96. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa karibu milimita 0.1, basi mgongo wako ni kama milimita 9.6. Anayezidisha 192 kwa 0.1 anapata mgongo wa milimita 19.2, na jina la kitabu linahamia ubavuni. Lakini gramu ni uzito, si unene: karatasi mbili za gramu 80 zinaweza kutofautiana unene. Mwombe mpiga chapa unene wa karatasi atakayoitumia hasa, kabla msanii hajagusa jalada.

Blidi ni rangi au picha inayovuka mstari wa kukatia, kwa kawaida milimita 3 kila upande. Kisu huweza kuyumba kidogo. Picha ikiishia palepale kwenye mstari, utaona uzi mweupe ukingoni. A5 ni milimita 148 kwa 210. Jalada lako zima, mbele, mgongo na nyuma, ni 148 + 9.6 + 148, jumla 305.6, ongeza 3 kila upande, faili liwe 311.6 kwa 216. Usilivute jalada lililokwisha ili lijae, kwa sababu jina nalo litasogea kuelekea kwenye kisu. Ongeza mandhari tu, na maandishi yabaki angalau milimita 5 ndani ya mstari.

Hukuambiwa, ila kagua pia pambizo ya ndani. Kitabu cha gundi hakifunguki kikalala. Milimita 20 ndani na 15 nje zinatosha.

RGB ni rangi za mwanga wa skrini. Mashine hutumia wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Herufi nyeusi za RGB zikibadilishwa ovyo huwa mchanganyiko wa wino zote nne, na zisipoangukia mahali pamoja herufi ndogo zinaonekana na ukungu. Maandishi yawe nyeusi pekee, asilimia 100.

Kuhusu ISBN: chapa mpya ni nakala zaidi za kitabu kilekile, hata ukisahihisha makosa machache ya herufi, namba inabaki. Toleo jipya, lenye sura zilizoongezwa au kuandikwa upya, linataka namba yake. Jalada laini, jalada gumu na kitabu cha kielektroniki kila kimoja kina yake. Tanzania namba hizo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Unapoziomba jaza jina lako kama mchapishaji, kwa sababu ndiwe. Kiwanda ni mpiga chapa tu, na kwenye ukurasa wa hakimiliki kinatajwa katika mstari wa chini: "Kimepigwa chapa na".