Unayeanza utafiti wa wagonjwa mahututi, usiridhike na namba za monita

Ukiingia chumba cha wagonjwa mahututi kufanya utafiti, monita ndiyo itakayokuvuta kwanza. Mapigo ya moyo, oksijeni, shinikizo la damu: namba zipo tayari, nazo hubadilika upesi, hivyo utafiti humalizika mapema. Nakusihi usiishie hapo. Uliza nani yu hai baada ya siku 28 au 90, na aliyepona anaishije.

Chukua utafiti wa mashine ya kupumulia uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2000. Wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoumia vibaya waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa kila pumzi ya mililita 12 za hewa kwa kila kilo ya uzito, jingine 6. Siku za mwanzo, waliopewa pumzi kubwa ndio waliokuwa na oksijeni nzuri zaidi. Hata hivyo, karibu asilimia 40 yao walifariki, dhidi ya 31 ya wenzao. Pumzi ile kubwa ilikuwa ikiyatanua mapafu kupita kiasi na kuyajeruhi. (Kilo hizo hukadiriwa kwa urefu na jinsia ya mgonjwa, hazitoki kwenye mizani.)

Ule wa FEAST wa mwaka 2011 unauma zaidi, kwa kuwa ulihusu watoto. Ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri mwilini. Waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka walionyesha nafuu zaidi katika saa ya kwanza. Kufikia saa 48, karibu 11 katika kila 100 walikuwa wamefariki. Kwa wasiopewa, 7. Kama watafiti wangefunga daftari baada ya saa moja, tungesoma habari njema iliyo kinyume cha ukweli. Ila soma pia nani hakuhusishwa: watoto wa kuharisha hawakuwemo, kwa hiyo usiwanyime maji kwa kutumia matokeo hayo.

Kufuatilia hadi siku ya 90 ni kazi ngumu. Chukua simu za ndugu wawili au watatu tangu siku ya kwanza, kwa sababu wasiopatikana mara nyingi hali zao hazifanani na za wanaopatikana.

Kuhusu ridhaa, mgonjwa hajitambui na ndugu zake wamechanganyikiwa. Kamati ya maadili ikiruhusu ndugu aridhie kwa niaba yake, mgonjwa akipata fahamu mweleze mwenyewe na umuulize upya kama anataka kuendelea.