Pa kula katika mji mpya

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mwezi wa pili sasa tangu uhamie, kazi imetulia, chumba umepata, ila jioni unazunguka na njaa huku umeshika simu, unasoma nyota na sifa za migahawa hadi hamu inakuisha, kisha unarudi kulala na chochote kilichobaki chumbani. Ukaniuliza: "Mama, wewe ulihama miji mitatu. Ulijuaje pa kula?"

Nianze na hizo nyota, maana naona zimekuchosha. Wengi wanaoandika maoni ni waliofurahi mno au waliokasirika mno. Aliyekula akashiba akaenda zake haandiki kitu. Basi ziache nyota tano na nyota moja, usome za katikati, pale mtu anaposifu jambo moja na kulalamikia jingine. Huyo alikaa, akala, akatazama. Angalia na tarehe. Mpishi akiondoka ladha huondoka naye, lakini sifa zake hubaki hapo hapo miaka.

Tena kumbuka nyota zilitoka wapi. Kampuni ya matairi ya Michelin, huko Ufaransa, ilitoa kitabu chake cha kwanza cha mwongozo mwaka 1900, kikagawiwa bure kwa wenye magari ili wasafiri zaidi na matairi yalike. Nyota za migahawa zikaanza mwaka 1926, na baadaye nyota tatu zikapewa maana hii: mahali panapostahili kufungiwa safari. Safari, mwanangu! Hicho ni kipimo cha mpita njia. Wewe hupiti, unaishi hapo. Unachotafuta ni mahali pa kwenda Jumanne yenye mvua, viatu vimelowa, na huna nguvu ya kuchagua.

Mahali hapo simu haitakuonyesha. Miguu itakuonyesha. Kituo kikuu na barabara zenye wageni wengi uzipite tu, kwa sababu mwenye mgahawa wa hapo anaweza kuishi kwa watu asiotarajia kuwaona tena. Ingia mtaa wa nyuma, au wa pili yake. Huko mteja akiudhika leo, kesho pengo lake linaonekana.

Mara ya kwanza nenda saa ya msongamano. Nilipokuwa nafanya kazi jikoni nilijifunza kwamba foleni ni usalama pia, si ladha tu. Vijidudu huzaliana upesi chakula kikiwa kati ya nyuzi joto 5 na 60, na Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya muda wa saa 2. Penye wateja wengi sufuria haikai hivyo. Inaisha, inapikwa nyingine. Ndiyo maana mimi nikiambiwa "hicho kimekwisha" nafurahi, hata kama ndicho nilichokitaka. Na menyu ikiwa ndefu kama daftari la shule, jiulize jiko dogo lile linavipikaje vyote hivyo leo leo. Mara nyingi havikupikwa leo.

Kuuliza si ujinga, ila kuna namna yake. Ukimwuliza mwenyeji, "Mgahawa mzuri uko wapi?" atakutajia anapopeleka wageni wake. Mwulize, "Jana ulikula wapi?" Hapo atasema kweli. Na wa kuuliza ni wale wanaokula nje kila siku kwa pesa yao na muda mfupi: madereva, mafundi, walinzi, wauguzi wa zamu. Ukibahatika kuzungumza na mpishi, mwulize siku yake ya mapumziko anakula kwa nani. Sijawahi kujuta kwa jibu la swali hilo.

Mara ya pili wahi kidogo kabla watu hawajajaa. Kaa karibu na jiko. Wahudumu wakati huo wana nafasi ya kuzungumza, nawe hutajihisi mpweke mezani kama unavyojihisi sasa. Najua hukuliandika hilo, lakini mama anasoma na ambayo hayakuandikwa.

Kisha rudi mara ya tatu. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukionekana mara ya tatu wanaacha kukukaribisha kama mgeni, wanakuambia, "Leo usichukue hiki, chukua kile." Wengi huikosa hatua hii kwa kuwa kila siku wanajaribu pengine.

Katika mji wangu wa pili nilikuwa peke yangu, wewe ukiwa tumboni. Nilikuwa nakula mahali padogo penye meza nne, kila siku baada ya zamu. Siku moja homa ikaniangusha, nikalala siku nne bila mtu kubisha hodi. Niliporudi, mwenye mgahawa aliacha mwiko, akatoka jikoni, akaniuliza, "Ulikuwa wapi? Tulikuwekea chakula." Nililia mbele za watu. Ladha ya chakula cha siku ile siikumbuki kabisa, ila kiti naweza kukuonyesha hadi leo.

Basi kesho ukitoka kazini, simu iache mfukoni. Pita mtaa wa nyuma. Pakikukataa pa kwanza, jaribu pengine wiki ijayo, usikate tamaa kwa sahani moja mbaya. Na ukishalijua jina la anayekuhudumia, niandikie jina hilo, nami nianze kumtaja katika dua zangu.

Mama yako