Maswali ya Wasomaji: Vindege vya nyaya vinavyopigana

SWALI: Ndugu mhariri, vijana wa Majengo tunataka kupambanisha vindege vya nyaya. Sheria zake zikoje?
Msomaji, Moshi

JIBU: Vindege vya nyaya ni vindege vidogo vya injini ambavyo rubani huvirusha akiwa amesimama chini, ameshika mpini wenye nyaya. Kwa daraja la kimataifa la F2D, yaani la mapambano ya vindege hivyo, injini isizidi sentimita 2.5 za ujazo, na nyaya mbili ziwe mita 15.92 kutoka mpini hadi propela. Urefu huo una hesabu yake: mizunguko kumi ni kilomita moja. Marubani wawili husimama pamoja katika duara la nusu kipenyo cha mita 2 kwa dakika 4, kila kindege kikiburuta utepe wa karatasi nyuma ya uzi. Kukata utepe wa mwenzako ni pointi 100. Ukikata uzi mtupu, bila hata chembe ya karatasi, hupati kitu.

Kamba ya usalama kutoka mpini hadi kifundo cha mkono ni lazima. Nyaya zikisokotana, zungukaneni kinyume cha msokoto. Asiwepo wa kuvuta. Kabla ya kila pambano pitisha kitambaa laini juu ya waya: kikikwama, hapo pana kunjo, na ndipo utakapokatika. Utupe waya huo, usiunyooshe. Na tafadhali, msirushe karibu na nyaya za umeme.