Barua kwa mwanangu: ni "increase of" au "increase in"?

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Tanga hatujambo. Goti la baba yako limepoa, na shangazi anakusalimu sana.

Nimesoma ripoti ya korosho uliyonitumia pamoja na swali lako. Unasema uliandika "increase of prices", bosi wako akakata "of" akaweka "in". Ukurasa wa pili ukajihami mapema, ukaandika "an increase in 300 shillings", naye akakata "in" akarudisha "of". Sasa unauliza kama hapo pana kanuni au ni kukariri tu. Kanuni ipo, na bosi wako yuko sahihi mara zote mbili.

Kitu kinachopanda hutanguliwa na "in". Kiasi kilichopanda hutanguliwa na "of". Ndiyo maana tunaandika "an increase in cashew prices", lakini "an increase of 300 shillings". Vikikutana vyote, kila kimoja kinabaki na chake: "an increase of 300 shillings in the price of cashew nuts". Ukitanguliza kiasi, "of" inaondoka kabisa: "a 10 percent increase in prices". Na ukiiacha nomino ukatumia kitenzi, kiasi kinachukua "by": "prices increased by 10 percent". Mpango huohuo unafuatwa na "rise", "fall", "drop", "decrease" na "reduction", yaani karibu kila neno linalobeba ripoti za biashara kama yako. Shika hili kwanza, maana litakuokoa kila msimu.

Kwa nini mkono wako ulikimbilia "of"? Kwa sababu sisi tunasema ongezeko la bei na ongezeko la shilingi 300, na "la" ni ileile. A-unganifu yetu, yaani hizi "la", "ya" na "wa" zinazounga neno na neno, inabeba mahusiano mengi bila kumwuliza mtu ni uhusiano gani; msikilizaji anaupata kwenye muktadha. Chukua neno "malipo", ambalo naliona mara kwa mara kwenye ripoti yako. Malipo ya korosho, malipo ya shilingi milioni 2, malipo ya wakulima: kote "ya". Kiingereza kinataka useme waziwazi. Kitu kilichonunuliwa kinachukua "for", hivyo "payment for the cashew nuts". Kiasi kinachukua "of", hivyo "a payment of 2 million shillings". Anayepokea anachukua "to", hivyo "payment to farmers". Wewe uliandika "payment of cashew nuts", na Mwingereza akisoma hapo anaweza kudhani kuna mtu amelipwa korosho badala ya fedha.

Katika miaka yangu yote ya kufundisha sekondari, hili ndilo kosa nililolisahihisha kuliko yote ya vihusishi, yaani vineno kama "of", "in" na "for": "reason of", "demand of", "answer of". Watoto wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wanafikiri vizuri kwa Kiswahili, kisha wanatafsiri -a kwa neno moja. Na "of" yenyewe inamhadaa mtu, maana kweli ina eneo pana. Zamani "of" na "off" zilikuwa neno moja, lenye maana ya kutoka mahali. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kikaishi karibu na Kifaransa kwa muda mrefu, na "of" ikazidi kupanuka kwa kuiga "de" ya Kifaransa. Lakini haikufika kote. Vihusishi vingine vilibaki na maeneo yao, na humo ndimo tunamojikwaa.

Maeneo hayo yana mantiki, ingawa si sheria ya chuma. Nomino inayotafuta kitu ambacho bado hakijapatikana hupenda "for": "demand for", "need for", "request for", "application for", "search for". Inayoelekea kitu au kukifikia hupenda "to": "answer to", "solution to", "access to", "damage to", "threat to". Inayokikalia kitu kwa uzito hupenda "on": "tax on", "ban on", "pressure on", "effect on". Mabadiliko, kama ulivyokwisha kuona, yanakaa na "in", na hata kuchelewa kumo: "a delay in delivery". Halafu kuna wakaidi. "Lack" na "shortage" ni maneno ya kupungukiwa, ungetegemea "for", lakini yanachukua "of". Vivyo hivyo "supply of cashew nuts", ilhali mwenzake wa soko ni "demand for cashew nuts". Hawa hawana hoja ya kukupa, washike tu.

Kuna mtego wa pili, nao ninauona zaidi kwa watu wazima waliosoma kuliko kwa watoto. Nomino ikiwa na kihusishi, mtu anakipeleka hata kwenye kitenzi chake. Umeandika "we discussed about the new price" na "the buyers requested for samples". Ni kweli tunasema "a discussion about" na "a request for", lakini vitenzi "discuss" na "request" vinamshika mtendwa moja kwa moja, bila mtu wa kati: "we discussed the new price", "the buyers requested samples". Ndivyo walivyo pia "emphasise" na "emphasis on", "affect" na "effect on", "lack" na "lack of". Vingine vinarithishana: "invest in" inazaa "investment in", "depend on" inazaa "dependence on". Ukikutana na nomino mpya, kitazame na kitenzi chake siku hiyohiyo, usingoje bosi akate.

Kwa hiyo usiandike neno peke yake kwenye daftari lako. Andika nomino na kihusishi chake, ni chanda na pete, pamoja na sentensi moja ya kazini kwako. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili itakupa maana, lakini kwa jambo hili fungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, kama ile aliyoiasisi Hornby, ambayo Oxford waliitoa mwaka 1948. Alikuwa mwalimu Japani, akaona kwamba mgeni akishajua maana bado hajui neno litumikeje, na ndani ya kamusi ile kihusishi kinaonyeshwa kando ya nomino.

Yamebaki mawili kwenye ripoti yako. Pale ulipoandika "the reason of the delay", chagua: ama "the reason for the delay", ama "the cause of the delay". Maneno haya ni jirani, lakini kila moja lina kihusishi chake. Ukiona mtu ameandika "cause for concern", hajakosea. Hapo anasema kuna haki ya kuwa na wasiwasi, hataji kilichouleta.

La mwisho ni "receipt", na hili lirekebishe kabla hujatuma, maana linagusa fedha. "Receipt for the goods" ni ile karatasi ya risiti. "Receipt of the goods" ni tendo la kuzipokea. Wewe umeandika kwamba mnunuzi atalipa "within 30 days of receipt for the goods". Weka "of" hapo, ili siku 30 zianze kuhesabiwa mzigo unapopokelewa, pasiwe na wa kubishana kuhusu karatasi.

Ukimaliza nitumie tena ile sehemu ya mkataba, niipitie Jumamosi.

Wako akupendaye,
Mama