Maswali ya Wasomaji: Mshauri wa Simuni Atanipokea Jinsi Nilivyo?

Barua nne tunazojibu safari hii zimeandikwa na watu ambao huenda wasingekutana katika chumba kimoja cha kungojea daktari. Hata hivyo, kila mmoja wao ameambiwa kwamba siku hizi ushauri nasaha hupatikana kwa simu au mtandaoni, na kila mmoja anashuku kwamba mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya mtu mwingine, si yeye.

*Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 71, ninaishi karibu na Chavakali. Mke wangu alifariki mwaka jana, na tangu tumzike usingizi umenikimbia. Naamka saa tisa usiku na kukaa sebuleni hadi jogoo awike. Mwanangu aliye Nairobi anataka kunilipia mshauri ambaye nitazungumza naye kwa simu ya video kila Jumatano saa kumi alasiri. Simu ninayo, lakini mambo ya video hunichanganya, na tena naona haya kumweleza habari za nyumbani kwangu binti ambaye pengine ni rika la mjukuu wangu. Je, nikikataa nitakuwa nimemkosea mwanangu?* – Mwalimu M., Vihiga

Mwalimu, pokea rambirambi zetu. Tuanze na video, kwa kuwa hiyo ndiyo rahisi kuondoa njiani. Kinachotibu ni mazungumzo yenyewe, na tafiti zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba mazungumzo ya simu ya kawaida, ya sauti tupu, huwasaidia watu wenye huzuni nzito na wasiwasi. Mwambie mshauri kwamba unataka kupigiwa simu kama unavyopigiwa na ndugu zako, na akisema kwamba hafanyi kazi hivyo, mtafute mwingine. Ile saa kumi alasiri nayo ibadilishwe. Nyinyi wa upande wa Vihiga mnajua mvua huanza saa ngapi, na ikishapiga mabati hutasikia neno, hata kama masikio yako bado ni mazima. Omba saa nne asubuhi.

Kuhusu umri wa mshauri, una haki ya kuchagua, kama ulivyo na haki ya kuuliza kama ni mwanamume au mwanamke na kama anaweza kuzungumza Kilogooli pale Kiswahili kitakapokosa neno la kumtaja marehemu. Hakuna mshauri aliyefunzwa vyema atakayeudhika kwa maswali hayo. Hata hivyo, ningekuomba usimkatae binti huyo kabla ya kumsikia. Wewe mwenyewe uliwahi kuingia darasani ukiwa kijana, na wazazi waliokuzidi umri wakakukabidhi watoto wao. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza akina nyanya kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito, wakiwamo vijana wenye umri wa wajukuu wao, na utaratibu huo umesaidia wengi. Pengo la miaka huvukika kutoka kila upande, mradi anayesikiliza amejua kusikiliza.

Mwanao hujamkosea. Jambo la kukubaliana naye mapema ni kwamba yeye atapata risiti, si ripoti, kwa maana anayelipa hanunui maneno yako. Kabla ya Jumatano ya kwanza, pitia kituo cha afya wakupime shinikizo la damu na sukari, na uwaonyeshe dawa zote unazotumia, kwa sababu kukosa usingizi katika umri wako kunaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Kuomboleza si ugonjwa, na mshauri asikuharakishe. Lakini iwapo hamu ya chakula nayo imekwisha, na kila ulichokipenda umekiacha, hiyo huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, nayo ina tiba.

*Binti yangu ana miaka 15. Tunaishi nyumba ya vyumba viwili Kaptembwo, na simu ya maana ni moja, yangu. Amekuwa mkimya kupita kiasi, na sasa amekubali kuzungumza na mshauri, lakini kwa kuandikiana tu. Mimi kama mzazi, nina haki ya kusoma wanayoandikiana?* – Mama Wasiwasi, Nakuru

Mama, una haki kubwa, lakini hiyo ya kusoma kila ujumbe ningekushauri usiitumie. Kisheria mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hivyo mshauri makini hataanza bila idhini yako. Unastahili kujua ni nani huyo, alisomea nini, na kama amesajiliwa, maana Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili watu wa kazi hii. Muulize nambari yake ya usajili bila kuona haya, kisha uithibitishe kwa bodi hiyo. Ningeongeza kwamba mtu ambaye tangazo lake limejaa ushuhuda wa waliopona lakini halitaji mahali popote sifa zake za masomo hafai kukabidhiwa mtoto.

Kikao cha kwanza kiwe cha watu watatu. Hapo mshauri aseme mbele ya binti yako ni mambo gani yatabaki baina yao na ni yapi atalazimika kukuambia: kwamba mtoto yumo katika hatari ya kujidhuru, kwamba kuna mtu anayemdhulumu, au kwamba kuna mtu mwingine aliye hatarini. Mtoto akiisikia mipaka hiyo kabla hajafungua moyo, hatahisi kusalitiwa ikibidi siri itoke. Kinyume chake, akigundua kwamba mama husoma jumbe usiku, ataendelea kuandika, lakini ataandika yale anayotaka mama ayasome, na pesa zenu zitakuwa zimekwenda bure.

Kuandika si njia ya kukwepa. Wapo vijana wasioweza kutamka jambo huku wakitazamwa, ila wakipewa nafasi ya kuliandika, wakalifuta na kuliandika tena, hulitoa. Shida yenu hasa ni simu moja na kuta mbili. Uliza kama programu inayotumika ina nenosiri lake yenyewe, mbali na lile la simu, na kama arifa zinaweza kuzimwa zisijitokeze kwenye kioo mbele ya mgeni. Kumbuka pia kwamba ujumbe wa M-Pesa hutaja jina la aliyelipwa, na simu hiyo hushikwa na wadogo zake na pengine jirani anayeomba kupiga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti, kwa hivyo mna haki ya kuuliza maandishi hayo huhifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani huyaona. Wakati wa kikao, toka nje na wale wadogo kwa dakika hizo arubaini na tano. Chota maji, nenda kwa jirani, kaa kizingitini na redio.

Iwapo wakati wowote utahofia kwamba mtoto anadhulumiwa, piga 116, nambari ya bila malipo ya kuwasaidia watoto.

*Nilizaliwa kiziwi, nina miaka 27. Nilipokwenda hospitalini kutafuta ushauri, mshauri alimwita dada yangu atafsiri. Shida iliyonipeleka huko ni huyo huyo dada. Mtandaoni itakuwa tofauti?* – Asiyesikilizwa, Nyalenda, Kisumu

Inaweza kuwa tofauti sana, dada, na walivyokufanyia havikuwa vya haki. Wewe, tofauti na Mwalimu wetu wa Vihiga, unahitaji video, tena iliyo safi, na yeyote atakayekuambia kwamba mtaandikiana tu hajaelewa kwamba kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni ishara, na kuandika kuhusu uchungu katika lugha ya pili kunachosha. Uliza kwanza kama yupo mshauri anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya yeye mwenyewe. Sisitiza neno Kenya, kwa sababu ishara za Marekani ni lugha nyingine. Asipopatikana, dai mkalimani ambaye si jamaa na aliyekubali kutunza siri. Faida ya mtandao hapa ni kubwa: mkalimani anaweza kuwa Mombasa, hajawahi kukuona wala hatakutana nawe Kondele kesho yake, jambo ambalo ni gumu katika mji ambamo viziwi na wakalimani wengi hufahamiana. Katiba ya mwaka 2010 inaitaja lugha yako kwa jina, kwa hiyo huombi hisani.

Kaa ukitazama dirisha, usilipe mgongo, ili mikono na uso vionekane. Video hula bando, basi uliza mapema kikao kitachukua muda gani.

*Nina miaka 22. Navutiwa na wanaume wenzangu, na hakuna anayejua. Nahofia mshauri ataniombea pepo zitoke au atampigia mama. Kuna usiku nimetamani nisiamke.* – Kijana, Kakamega

Ndugu yangu, sentensi yako ya mwisho ndiyo tutakayoijibu kwanza. Ukihisi kwamba usiku kama huo umerudi na huenda ukajidhuru, usingoje kikao cha mtandaoni. Nenda kwenye chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu, na kama yupo hata mtu mmoja unayemwamini, mwambie akae nawe. Si lazima ajue sababu. Usizuiwe na hofu ya polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Sasa mshauri. Kumweleza mshauri unavyojihisi si kosa, na una miaka 22, kwa hivyo hana ruhusa ya kumpigia mama yako kwa sababu ya nani unavutiwa naye. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hilo katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990, na anayeahidi kukuponya anakuuzia dawa ya maradhi yasiyokuwapo. Huna haja ya kutaja jina lako ili kumpima. Mwandikie kutoka anwani mpya ya baruapepe umuulize mambo mawili: kama amewahi kuwahudumia watu wa hali kama yako, na lengo lake lilikuwa nini. Akijibu kwa mahubiri, umeokoa nauli na muda. Hata fomu yake itakuambia kitu. Serikali yenyewe, katika sensa ya mwaka 2019, iliwahesabu watu huntha 1,524, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume tu wala ya kike tu, badala ya kuwalazimisha kuandikwa wanaume au wanawake. Mshauri ambaye karatasi yake bado ina visanduku viwili tu vya jinsia pengine hajafikiria sana ni nani huingia kwake.

Mchague anayeishi mbali ukitaka, kwani hapo ndipo mtandao unapokufaa. Lakini atakapokuuliza mwanzoni mwa kila kikao uko wapi siku hiyo, na nani apigiwe simu hali ikiharibika, mpe jibu la kweli. Haulizi kwa udaku. Aliye Nairobi hawezi kukutumia msaada usiku mahali asipopajua.