Utomvu wa mwembe kwenye boneti: lainisha kwanza, usikwangue

Mkuu, pole sana. Umeeleza kwamba Toyota yako nyeusi ililala chini ya mwembe wiki nzima ukiwa safarini, ukarudi ukakuta boneti na paa vimejaa matone magumu ya rangi ya chai, ukayakwangua yale ya boneti kwa stilwaya ya jikoni. Hapo matone yametoka, mabaka meupe yamebaki, na unauliza kama ni lazima upige rangi upya. Yalinikuta mimi pia, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu kidogo.

Usikimbilie kupiga rangi. Kwenye bati la gari kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile isiyo na rangi inayotoa mng'ao. Klia kwenye magari mengi yanayotoka kiwandani ina unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja). Karatasi ya fotokopi ina kama 100. Yaani kinachokulinda ni nusu ya unene wa karatasi, na stilwaya imepita hapo. Swali lako la kweli ni imeshuka kiasi gani.

Aliyekulia kwenye maembe anajua mdomo unavyobabuka kwa kile kimaji kinachoruka ukikata kikonyo. Ndicho hicho kilichodondokea boneti yako. Mwembe ni ukoo mmoja na mkorosho, na pia na ule mti wa Japani na China ambao utomvu wake hupakwa kwenye mabakuli na masanduku ukaganda kuwa laka ngumu inayong'aa. Basi usishangae kwamba tone la wiki moja juani linagoma kama limegundishwa. Ila angalia kitu kimoja: vile vitone vidogo vidogo vinavyonata kama soda, vilivyoenea gari zima kama limepuliziwa, mara nyingi si utomvu. Ni majimaji matamu ya vidukari na wadudu gamba wanaofyonza majani. Tazama majani ya chini ya mwembe wako. Ukiona weusi kama masizi, huo ni ukungu ulioota juu ya utamu huo. Hivyo vinatoka kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya gari, ukiviwahi.

Mimi nilikuwa na matone manne makubwa. Nilianza kwa kucha, nikashindwa. Jirani akanipa kitambaa kilicholowa tina, ile ya kuzimulia rangi, na mimi nikasugua. Tone la kwanza lilitoka vizuri. La pili, nikaona rangi inakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na kitambaa kimekuwa cheusi. Boneti ile ilikuwa imeshapigwa rangi mtaani kabla sijalinunua gari, kwa rangi isiyochanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha, na rangi ya namna hiyo tina huiyeyusha hata baada ya miaka. Uliza gari lako limepita mikono gani. Kama hujui, fungua boneti, paka spiriti kidogo kwa kitambaa cheupe kwenye ukingo wa ndani uliopigwa rangi sawa na nje. Kitambaa kikishika rangi, weka spiriti pembeni, tumia maji moto na mafuta peke yake.

Kwa matone yaliyobaki kwenye paa, fanya hivi. Gari liwe kivulini na bati limepoa, asubuhi ndiyo saa yake. Osha vumbi kwanza, maana mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Kisha lowesha kitambaa kwa maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, kilaze juu ya tone dakika tano, rudia mara mbili tatu. Halafu paka mafuta ya nazi au ya kupikia, acha robo saa, zungusha kwa kidole gumba bila kukandamiza. Utalisikia tone linaanza kuteleza. Likibaki, chukua pamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 70, ilaze juu yake kama nusu dakika, kisha futa kuelekea upande mmoja na ugeuze pamba kila unapofuta. Mafuta ya taa nayo hulainisha, ila uyaoshe kwa sabuni mara moja. Petroli na tina, achana navyo kabisa. Ukimaliza osha na upake waksi, kwa sababu spiriti huondoka na waksi yote.

Sasa hayo mabaka. Mwagia maji. Weupe ukipotea pakiwa pamelowa na kurudi pakikauka, mikwaruzo iko ndani ya klia tu. Maji yanaijaza na jicho haliioni tena. Pitisha na kucha: isiponasa, una nafasi nzuri. Anza na polishi kwa mkono na sponji laini. Isipotosha, nenda kwenye kompaundi, ile krimu ya kusugulia iliyo kali kuliko polishi, ukimalizia kwa polishi. Msasa wa maji ni hatua ya mwisho, namba 2000 kisha 3000, uliolowekwa kwenye maji yenye tone la sabuni na kuzungushiwa kipande cha ndala ili ukandamize sawasawa. Kaa mbali na kingo na mikunjo ya boneti, klia huko ni nyembamba zaidi. Na usiondoe macho kwenye yale maji: yakiwa meupe kama maziwa yaliyochujuka, unakula klia. Yakianza kuwa meusi, simama hapo hapo, umefika kwenye rangi.

Mashine ya kung'arishia naiogopa mikononi mwa mtu asiye na mazoea. Ikikaa sehemu moja inachoma klia kwa sekunde chache.

Kama weupe unabaki hata pakilowa na kucha inanasa, hapo rangi imeguswa. Tafuta kibati cha Toyota yako, ama kwenye chumba cha injini ama kwenye nguzo ya mlango, usome namba ya rangi. 202 kwa mfano ni nyeusi ya kawaida, 040 ni nyeupe. Muuza rangi akuchanganyie kiasi kidogo. Safisha kwa spiriti, jaza kwa ncha ya kijiti cha meno, tabaka jembamba likauke ndipo uongeze jingine, kisha klia. Palipofika kwenye bati hasa, praima kwanza, na sisi wa pwani tusilaze hata wiki moja, chumvi ya hewani haisubiri.

Ukiishia kwa fundi, mwambie aisugue klia ya zamani kwa msasa kabla ya kupuliza mpya. Boneti yangu ilipulizwa juu kwa juu, na baada ya miezi minane ikaanza kubanduka vipande kama magamba. Na akipuliza klia ya hadina, watoto wakae mbali na yeye avae barakoa ya chujio, si kitambaa; moshi wake unaumiza mapafu.

Kesho kabla jua halijapanda, mwagia maji kwenye yale mabaka, piga picha moja pakiwa pamelowa na nyingine pakiwa pakavu, uziweke hapa tuone.