Unaanza kuunda IS-2? Chagua kwanza mwaka na kiwanda

Ndugu unayeanza kuunda modeli ya IS-2, kifaru kizito cha Kisovyeti cha Vita vya Pili vya Dunia, gundi iache kwanza. Kabla hujakata kipande hata kimoja, amua ni kifaru kipi hasa unachokiunda: kilitoka lini, kiwanda gani, kikapigana wapi. Wengi hununua kasha lililoandikwa IS-2, hufuata karatasi ya maelekezo, kisha huongeza kila kitu kizuri walichokiona pichani. Wanaishia na kifaru ambacho Jeshi Jekundu la Kisovyeti halikuwahi kukiendesha.

Tazama pua, yaani sehemu ya mbele ya kifaru. IS-2 za mwanzo kutoka kiwanda cha Chelyabinsk, Urusi, zilikuwa na pua yenye ngazi, na dereva alikuwa na kidirisha cha kufunguka. Mwaka 1944 pua ikanyooshwa, kidirisha kikaondolewa, dereva akabaki na mwanya mwembamba wenye kioo kinene. Na hizo zilizonyooshwa nazo hazikufanana: nyingine zilikuwa za kusubu (chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), kingo zake zimeviringika, nyingine ziliundwa kwa mabamba yaliyochomelewa, kingo zake kali. Ukiweka ukwaru wa chuma cha kusubu juu ya pua ya mabamba, mtu anayevifahamu vifaru hivi ataona mara moja. Vivyo hivyo bunduki ya mashine ya DShK ya milimita 12.7 juu ya mnara, ile sehemu inayozunguka yenye mzinga: ilikuja baadaye, kwa hiyo usiipachike kwenye kifaru cha mwanzoni mwa 1944. Tafuta picha za kifaru kimoja, pande zote ukiweza, uzibandike mbele ya meza yako.

Nunua kalipa, kifaa cha kupimia vipande vidogo, mapema, kabla ya rangi za bei ghali. Katika kipimo cha 1:35 hesabu ni rahisi: gawanya kwa 35. Mnyororo wa IS-2 una upana wa milimita 650, kwa hiyo wako uwe karibu 18.6. Mzinga ni wa milimita 122, basi tundu la mdomo liwe 3.5 hivi, likiwa dogo, lipanue taratibu kwa keekee ya mkono.

Hesabu hiyo hiyo ikuongoze kwenye ukwaru wa mnara. Pakaa gundi nyepesi ya plastiki, subiri uso ulainike, kisha uugongegonge kwa brashi kuukuu iliyokatwa nywele fupi. Ikikauka, pitisha msasa laini. Wageni wengi huzidisha hapa. Kipele cha milimita 1 kwenye modeli ni uvimbe wa milimita 35 kwenye kifaru halisi, na chuma cha namna hiyo hakikuwepo. Mishono ya kuchomelea ni kinyume chake: ya Kisovyeti wakati wa vita ilikuwa minene na isiyo sawasawa, kwa hiyo usiilainishe. Viringisha uzi mwembamba wa lipu ya epoksi, ulaze kwenye kiungo, uubonyeze kwa kijiti cha meno.

Minyororo ndiyo inayoonyesha uzito, na kifaru hiki kilikuwa na tani 46. Gurudumu la meno liko nyuma. Kifaru kikienda mbele, linavuta sehemu ya chini ya mnyororo, ile ya juu inalegea na kubonyea kati ya vigurudumu vitatu vinavyoibeba. Mnyororo wa mpira uliokazwa kama kamba ya kuanikia nguo unaua modeli nzuri. Ningekushauri utumie vipande vya kuunganisha kimoja kimoja, ingawa vinachosha vidole.

Kuhusu rangi, kijani cha 4BO, rangi ya kawaida ya vifaru vya Kisovyeti, kichanganye na rangi nyepesi kidogo, maana kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa. Ukiunda kifaru cha Berlin, Aprili 1945, utahitaji mstari mweupe kuzunguka mnara na msalaba mweupe juu yake, alama za kuvitambulisha kwa ndege za Washirika. Brigedi ya 7 ya Walinzi ya vifaru vizito iliongeza dubu mweupe juu ya nyota nyekundu. Mistari hiyo ichore kwa brashi, bila utepe, kwa sababu hata askari waliipaka kwa mkono. Na uchafu uwe wa mji uliobomolewa: vumbi la matofali na chokaa kwenye mabamba ya juu ya minyororo, tope kidogo tu kwenye magurudumu.